Kidirisha cha Wafu

Mwaka 1699 Charles Campbell, mwenye shamba katika bonde la mto Boyne, mashariki mwa Ireland, alihitaji mawe ya kutengenezea barabara. Shambani mwake palikuwa na kilima kipana kilichoota nyasi na miti, na mawe yakichungulia hapa na pale kwenye udongo. Akawatuma vibarua wakachimbe. Hawakufika mbali. Walikutana na jiwe kubwa mno lililolala kwa ubavu, limechongwa mistari inayojizungusha na kujizungusha tena, na nyuma yake tundu lililoelekea gizani.

Kabla mwaka haujaisha alifika mtu ambaye macho yake yalikwisha kuzoea vitu vya kale. Edward Lhwyd, Mwelshi, mkuu wa jumba la makumbusho la Ashmolean mjini Oxford, alikuwa akizunguka Ireland kukusanya maneno, mimea na habari za majengo ya zamani. Aliingia akitambaa, akatokea kwenye chumba ambacho dari yake hata mtu mrefu akinyoosha mkono haigusi. Katika barua zake alitaja jambo moja dogo lenye uzito kuliko yote aliyoyaona: juu ya kilima iliokotwa sarafu ya dhahabu ya Valentinian, mtawala wa Roma wa karne ya 4. Siku zile wasomi walikuwa wepesi kuwahesabia Waviking kila jengo la ajabu nchini Ireland. Lhwyd alikataa. Sarafu imekutwa juu, basi kilichoko chini ni kikongwe kuliko sarafu. Ni hoja nyepesi ya mtu mwenye akili zake, lakini karne mbili zilizofuata ziliipuuza. Wakatajwa Wafoinike, Wamisri na hata Wahindi, yeyote yule mradi tu asiwe babu wa mkulima wa palepale.

Sarafu ile haikuwa ya peke yake. Wachimbaji wa karne ya 20 walipata nyingine za Kirumi mbele ya mlango, baadhi za dhahabu, pamoja na mapambo. Roma haikuitawala Ireland hata siku moja. Vitu hivyo vilivuka bahari, na aliyeviacha pale alivitoa sadaka kwa mlango uliokwisha kufukiwa na udongo kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Hakuweza kuingia, wala hakuwa na njia ya kujua kilichomo ndani. Alitoa hivyohivyo.

Kilima hicho ndicho Newgrange. Upana wake ni mita kama 85, kimo chake mita kama 12, na kimezungukwa na mawe 97 ya ukingo yaliyolazwa moja baada ya jingine, baadhi yakiwa na nakshi. Upande wa kusini-mashariki umo ujia mwembamba wa mita 19, kuta zake mawe yaliyosimamishwa. Ujia huo huishia kwenye chumba chenye vishubaka vitatu, kimoja kila upande na kimoja mbele, hivi kwamba ukitazama ramani yake unaona umbo la msalaba, ingawa msalaba wa Wakristo ulikuwa bado mbali kwa miaka elfu tatu. Dari imejengwa kwa mabamba ya mawe yaliyopandana, kila safu ikijitokeza kidogo kuizidi ile ya chini, mpaka bamba moja likaziba pengo lililobaki, mita 6 juu ya sakafu. Hakuna saruji. Mapengo kati ya mawe ya paa yalizibwa kwa udongo ulioungua, na mabamba yalichimbwa mifereji ya kupitishia maji pembeni. Miaka elfu tano ya mvua za Ireland, na chumba hakijavuja.

Udongo huo ulioungua ndio uliotoa umri. Vipimo vya kaboni viliuweka karibu na mwaka 3200 KK. Yaani wakati Newgrange inakamilika, piramidi za Giza zilikuwa zimesaliwa na zaidi ya miaka 500 kabla ya jiwe lao la kwanza. Waliojenga walikuwa wakulima wa ngano na shayiri, wafugaji wa ng'ombe, wasiokuwa na shaba wala chuma, gurudumu wala farasi. Mawe makubwa walikwenda kuyatoa pwani ya Clogherhead, kilomita kama 20. Kokoto nyeupe za kwatzi zilitoka milima ya Wicklow upande wa kusini, na mawe ya matale ya mviringo yakatoka upande wa pili kabisa, kaskazini kwenye milima ya Mourne. Mtu hasombi mawe kutoka pande mbili za nchi kwa sababu amekosa mawe karibu.

Ili kuelewa walichokuwa wakikitafuta, msomaji wa Afrika Mashariki inabidi aisahau saa yake. Sisi wa karibu na ikweta tunahesabu saa kuanzia macheo kwa sababu jua letu halitudanganyi. Dar es Salaam, tofauti ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki saa moja, na ni wachache wanaoweza kusema siku hiyo fupi inaangukia mwezi gani. Newgrange iko karibu nyuzi 54 kaskazini. Mwezi wa Juni mchana wake una saa 17. Desemba jua huchelewa mpaka baada ya saa 2 na nusu asubuhi, hupita chinichini upande wa kusini bila kupanda, na saa 10 na dakika chache jioni limekwisha kuzama. Saa saba na nusu tu za mchana, na nyingi kati ya hizo ni za mawingu.

Si kwamba giza huja ghafla. Hilo lingevumilika. Tangu Juni mahali linapochomoza jua husogea kila asubuhi kuelekea kusini, na kila siku hunyang'anywa dakika chache. Mkulima wa zamani aliyesimama mahali pamoja, akiutazama mlima uleule wa mbele yake, aliliona jua likijiondokea. Ng'ombe wasioweza kulishwa majira yale huchinjwa. Nafaka ya ghalani ndiyo hiyo hiyo mpaka mavuno mengine. Kisha, karibu na tarehe 21 Desemba, jua husimama. Kwa siku kadhaa huchomoza mahali pamoja, jicho haliwezi kuona tofauti, na hakuna kinachomthibitishia mtazamaji kwamba litageuka. Wataalamu huziita siku hizo solistasi. Kwa mtu asiye na kalenda iliyoandikwa, zilikuwa siku ambazo mwaka ulikuwa haujaamua.

Waliojenga Newgrange hawakuacha maandishi. Hadithi tulizonazo ziliandikwa katika Zama za Kati, kwa Kiairishi, na watawa Wakristo waliozipokea kutoka kwa wasimulizi. Ndani yake kilima hiki ni Brú na Bóinne, jumba la mto Boyne, makao ya Tuatha Dé Danann, kabila la miungu. Dagda, mkubwa wao, alimtamani Boann, ambaye ndiye mto wenyewe, mke wa Elcmar mwenye jumba. Akamtuma Elcmar safari, kisha akamfanyia uganga, miezi tisa ikampitia msafiri kama siku moja. Katika siku hiyo moja mimba ilitungwa, mtoto akazaliwa. Mtoto akaitwa Aengus, kijana asiyezeeka.

Aengus alipokua alilitaka jumba. Hakuja na jeshi. Alimwomba Elcmar amwachie ufalme wa Brú kwa mchana na usiku tu, akakubaliwa; simulizi nyingine humweka Dagda mwenyewe mahali pa Elcmar. Muda ulipokwisha mwenye mali akadai chake, naye Aengus akamjibu kwamba dunia yote ni mchana na usiku, hakuna muda mwingine nje ya hiyo miwili, kwa hiyo amekwisha kupewa milele. Elcmar akafungasha.

Wapo wanaosema hii ni kumbukumbu ya wajenzi, iliyopokezanwa midomoni kwa miaka elfu nne. Mimi nina shaka. Baada ya wajenzi wa makaburi haya walikuja watu wengine kutoka bara la Ulaya, karibu mwaka 2400 KK, na vinasaba vinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya Waairishi wa leo ni wazao wa hao waliokuja baadaye. Lugha ya wajenzi hatujui hata neno moja. Hata hivyo linabaki jambo la kushangaza: kati ya mahali pote Ireland, hadithi za jua kuzuiwa na siku kurefushwa zimening'inizwa papa hapa, kwenye kilima ambacho mlango wake ulikuwa umefukiwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 serikali ilikwisha kulichukua kaburi chini ya ulinzi wa sheria. Juu ya mlango palionekana jiwe lenye nakshi limechomoza udongoni, likawasumbua wageni wengi: lilikuwa juu mno kuwa kizingiti, na lilipambwa vizuri mno kufukiwa. Mwaka 1909 mwanaastronomia Norman Lockyer alidokeza kwamba ujia unaelekea macheo ya Desemba. Dokezo hilo halikumwamsha mtu. Wakati huohuo wenyeji wa bondeni walikuwa na usemi wao kwamba kuna siku katika mwaka jua huingia mpaka ndani na kuliangazia jiwe lenye mizunguko mitatu iliyoshikana.

Mwaka 1962 alianza kuchimba Michael J. O'Kelly, profesa wa akiolojia wa Chuo Kikuu cha Cork. Kazi ilichukua mpaka 1975. Mkewe, Claire, ndiye aliyezichora na kuzichambua nakshi za mawe, moja baada ya nyingine. Wageni waliofika kwenye uchimbaji hawakuacha kumsimulia profesa habari za jua, naye aliwajibu kwa adabu. Aliona wanachanganya na Stonehenge ya Uingereza, inayohusishwa na macheo ya siku ndefu ya Juni. Akili yake ilikwisha kupima: mlango umeelekea kusini-mashariki, kwa hiyo jua la Juni haliwezi kuingia kamwe.

Lakini mwaka 1963 aliufukua ule mwamba wenye nakshi, akakuta si kizingiti bali paa la kisanduku cha mawe, kidirisha kilichojengwa juu ya mlango na kufunguka kuelekea ujiani. Hakikuwa na kazi yoyote ya kubeba uzito. Ndipo lilipomjia swali ambalo wageni wake walikuwa wamelizunguka bila kulitaja: kama si Juni, je, Desemba?

Tarehe 21 Desemba 1967 alitoka Cork kungali giza, safari ya kilomita zipatazo 300, akafika Newgrange kabla ya macheo. Hakuna aliyemfuata. Mtu aliyejitayarisha kuona jambo kubwa angechukua mpiga picha, au walau shahidi. O'Kelly alikwenda kama anayekwenda kufuta jina kwenye orodha. Aliingia, akasimama gizani ndani ya chumba, akangoja.

Muda mfupi kabla ya saa 3 asubuhi, dakika chache baada ya jua kutokeza juu ya kilima cha ng'ambo ya mto, ufito mwembamba wa nuru ulipenya kwenye kidirisha, ukapita urefu wote wa ujia na kuigusa sakafu ya chumba. Ukapanuka, baadaye alipoupima ulifika sentimita 17, ukageuka polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mwanga uliorudishwa na sakafu ukaenea kote mpaka akaweza kutembea bila taa na kuona dari juu yake. Alisema baadaye kwamba alikuwa kama anayengoja kusikia sauti, au kuhisi mkono wa baridi begani. Haikuja sauti. Baada ya dakika 17 nuru ilijikata, chumba kikarudi kilivyokuwa.

Alirudi mwaka uliofuata kuhakikisha, na tena baada ya hapo, akiandika dakika na vipimo. Kwa profesa mwenye tahadhari kama yeye, ambaye jina lake lingechekwa kama angekosea, ilikuwa kazi ya kawaida. Nadhani ilikuwa zaidi ya hiyo. Aliitwa na jambo ambalo watu wasiokuwa na shahada walilijua kabla yake, na alipolikuta alikuwa peke yake, na hakuna kipimo cha kaboni kinachomwambia mtu afanye nini na hali hiyo.

Waliotilia shaka walikuwepo, na walikuwa na haki. Ujia wowote lazima uelekee mahali fulani. Pengine huu uliangukia huko kwa bahati. Jon Patrick alipima na kuchapisha matokeo yake katika jarida la Nature mwaka 1974, Tom Ray akarudia kwa undani zaidi mwaka 1989, na jibu likawa kwamba bahati haitoshi. Ujanja uko kwenye sakafu. Newgrange imejengwa kwenye mwinuko, ujia hupanda kama mita 2 kutoka mlangoni hadi chumbani, kiasi kwamba sakafu ya chumba iko sawa na kimo cha juu cha mlango. Jua linaloingia kwa mlango haliwezi kufika; huishia njiani. Kilichoweza kufikisha nuru chumbani ni tundu la pili lililowekwa juu, kwa kimo kilekile na si kingine. Mtu alilipanga hilo kabla ya tani hata moja ya udongo kumwagwa juu, akijua kwamba akikosea hakuna kurekebisha.

Na tunachokiona leo si kamili. Mhimili wa dunia hubadili mwinamo wake polepole, na tangu siku za wajenzi jua la Desemba limesogea kiasi kinachozidi kidogo upana wa jua lenyewe. Zamani nuru ilianza dakika ileile jua lilipotokeza, na ilifika mpaka jiwe la nyuma kabisa. Sasa huchelewa dakika nne na kuishia sakafuni.

Ndani ya kidirisha vilikuwapo vipande vya kwatzi vilivyokatwa kukiziba. Kimoja kilibaki mahali pake, na jiwe lililokuwa chini yake lina mikwaruzo ya kuvutwa na kusukumwa mara nyingi. Mlango mkubwa nao ulikuwa na bamba lake la kuufunga. Hivi ndivyo vitu viwili ninavyovirudia kila ninapofikiria mahali hapa. Mlango ulifungwa, kidirisha kikafunguliwa. Anayetaka kutazama macheo hajengi chumba cha giza chini ya tani laki mbili za mawe. Hupanda mlimani na wenzake. Nuru hii haikutengenezewa watazamaji. Ilitengenezewa waliokuwa ndani, na waliokuwa ndani walikuwa mifupa.

O'Kelly alikuta mabaki ya angalau watu watano, wengine wamechomwa, wengine la, na vitu vyao vidogo: shanga, pini za mfupa, vigololi. Watano, kwa jengo lililokula jasho la kizazi au zaidi. Mara nyingi solistasi husimuliwa kama sherehe ya matumaini, jua linarudi, tufurahi. Kwa walio hai ndivyo. Lakini aliyekufa hana mavuno ya kungojea. Kumpelekea nuru asubuhi ileile ambayo kuna nuru kidogo kuliko asubuhi zote, kuitoa kwenye akiba ya siku iliyo maskini kuliko zote, ni namna ya kutoa ambayo naielewa zaidi kuliko ngoma na mioto.

Ila nisiwafanye wajenzi kuwa watakatifu. Kidirisha kinachofungwa kina mwenye kukifungua. Juni 2020 Lara Cassidy na Dan Bradley wa Trinity College, Dublin, pamoja na wenzao walichapisha katika Nature uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale ya Ireland. Kipande kimoja cha fuvu, kilichotoka kwenye kishubaka cha kulia, chenye mapambo kuliko vingine, kilikuwa cha mwanamume ambaye wazazi wake walikuwa ndugu wa tumbo moja, au mzazi na mtoto wake. Ndoa kama hizo ni mwiko karibu kila mahali duniani, isipokuwa kwa nasaba chache zilizojihesabu kuwa za kimungu: mafarao wa Misri, Wainka wa Peru. Aidha watafiti waliona kwamba alikuwa na undugu wa mbali na waliozikwa katika makaburi ya Carrowmore na Carrowkeel, kilomita 150 upande wa magharibi. Wakahitimisha kwamba ilikuwapo nasaba ya watawala waliolimiliki jua.

Magazeti yakamwita mfalme. Wanaakiolojia wengine hawakuridhika, na miaka iliyofuata wakaandika kwamba kipande kimoja cha mfupa, ambacho hatujui kilifika chumbani lini wala kikiwa na nini, hakiwezi kubeba ufalme mzima. Nami ningewaunga mkono moja kwa moja kama isingekuwa hadithi nyingine ya bonde hilihili.

Kama kilomita mbili kutoka Newgrange liko kaburi jingine, Dowth. Chumba chake cha kusini hupokea jua siku ileile ya solistasi, ila jua la kuzama. Masimulizi ya majina ya mahali yaliyoandikwa karne ya 11 yanasema palikuwa na mfalme Bressal. Tauni ya ng'ombe iliikumba Ireland, wakabaki majike saba na dume mmoja. Bressal akawaita wanaume wote wa nchi wamjengee mnara wa kufika mbinguni kwa siku moja, na dada yake akalifunga jua kwa uchawi lisizame mpaka kazi iishe. Mfalme akalala na dada yake. Uchawi ukavunjika papo hapo, giza likashuka kabla ya wakati, watu wakaweka zana chini wakaenda zao, na mahali pale pakachukua jina la giza hilo.

Jua lililosimama, jengo kubwa, mfalme na dada yake. Waandishi wa utafiti waliitaja hadithi hiyo, na wakakiri wenyewe ugumu wake, kwa kuwa kati ya fuvu na wino imepita miaka elfu nne. Nilisema hapo juu kwamba nina shaka na kumbukumbu ndefu namna hiyo. Shaka bado ninayo. Lakini tangu 2020 nimeiweka rafu ya chini kidogo.

Mgeni wa leo haendi kuona kilima cha Campbell. Baada ya uchimbaji, upande wa mbele ulijengwa ukuta mweupe wa kwatzi, wima, wenye saruji nyuma yake, kwa sababu O'Kelly aliamini kokoto zile zilianguka kutoka kwenye ukuta kama huo. Wengine wanaamini zilitandazwa chini, mbele ya mlango, ziakisi mwanga. Mabishano hayajaisha, na ukuta haujabomolewa. Mwaka 1993 UNESCO iliiingiza Newgrange na jirani zake katika urithi wa dunia.

Chumba hakichukui zaidi ya watu kama 20, na wanaotaka kuwamo asubuhi zile ni wengi mno. Zamani palikuwa na daftari la kungojea zamu, likajaa mpaka miaka kumi mbele, ikabidi lifungwe. Tangu mwaka 2000 hupigwa bahati nasibu. Maombi hufika kwa maelfu kutoka pembe zote za dunia, na watoto wa shule za jirani huchota majina. Wanaoshinda hupangiwa asubuhi moja kati ya zile za tarehe 18 hadi 23 Desemba. Wengine wana msiba nyumbani, wengine ni wapenzi wa nyota, wengine hawana dini yoyote na hawajui wamejaza fomu kwa nini. Wasioshinda hukusanyika nje barazani pa kilima, wapiga ngoma na wazee waliovaa makoti mazito, wakitazama ng'ambo ya mto.

Mara nyingi hawaoni kitu. Ni Desemba, ni Ireland, wingu halina adabu kwa aliyetoka mbali. Mtu hushinda bahati nasibu, hulipa nauli ya ndege, huingia ndani, taa huzimwa, na saa 3 inapita bila hata mstari sakafuni. Wajenzi waliyajua mawingu hayo vizuri kuliko sisi. Walijenga kitu ambacho wangekaa miaka kadhaa mfululizo bila kukiona kikifanya kazi, na hawakuona sababu ya kuacha.

Desemba 2020, kwa ajili ya janga la korona, hakuna mshindi aliyeruhusiwa kuingia. Ziliwekwa kamera ndani, na watu nchi nyingi wakatazama kupitia intaneti nuru ikiingia kwenye chumba kisicho na umati, mbele ya watumishi na watafiti wachache waliokuwa na vipimo vyao. Wengi walihuzunika kwamba mwaka ule umepotea bure. Kwa ushahidi wa lile bamba la mlango na mikwaruzo ya kidirishani, mimi nadhani tangu 1967 haujapita mwaka uliokuwa karibu zaidi na mpango wa waliojenga.